Chuo Kikuu Kinavyosimamia Mazingira ya Kampasi Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wanafunzi, wahadhiri, mafundi, maofisa ugavi na viongozi wa vyuo vikuu wanaotaka kuelewa jinsi kazi ya kutunza mazingira inavyogawanywa ndani ya taasisi moja kubwa, nani anabeba lipi, na ni mahali gani mipango mizuri hukwama.

Utunzaji wa mazingira katika chuo kikuu unahusu mambo gani hasa?

Wengi wakisikia maneno hayo hufikiria upandaji miti na mapipa ya taka ya rangi mbalimbali. Hayo yamo, lakini ni sehemu ndogo. Kampasi kubwa huwa na maabara za kemia na baiolojia, karakana, mabweni, majiko, zahanati, viwanja vya michezo, magari, jenereta, matangi ya mafuta, na mtandao wa majitaka uliozikwa ardhini ambao mara nyingi ni fundi mmoja au wawili tu wanaoujua vizuri. Umeme, maji, kemikali, vyakula, karatasi na vifaa vya elektroniki huingia kila siku. Joto, moshi, majitaka na taka za kila namna hutoka. Kazi yenyewe ni kujua kinachoingia, kinachotoka, kinakoelekea, na nani anayewajibika nacho njiani.

Kila idara ina mkuu wake na bajeti yake. Kwa nini ihitajike mipango ya chuo kizima?

Kwa sababu anayetumia mara nyingi siye anayelipa, na anayelipa haoni matumizi. Mtafiti hununua friza kwa fedha za mradi wake, lakini umeme wa friza hiyo hulipwa na chuo kupitia bili ya pamoja kwa miaka yote itakayowashwa, hata baada ya mradi kufungwa. Kamati ya ujenzi huchagua viyoyozi vya bei ya chini ili gharama zisizidi makisio, kisha idara ya matengenezo hulirithi jengo na kuulipia uchaguzi huo kwa miaka 20 au 30. Mhadhiri anastaafu na kuacha kabati lililojaa chupa, na anayekabidhiwa chumba hajui kilichomo. Hakuna kati yao aliyekusudia ubaya. Kila mmoja amefanya linalompasa kwa mujibu wa bajeti yake. Hasara hutokea kwenye mpaka wa idara na idara, na mpaka huo hauna mwenyewe mpaka chuo kiamue kwa maandishi kwamba unaye.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu chuo chochote ni hili: kwa kila bomba, kila tangi na kila chupa, ni cheo gani kimetajwa kuwa na dhamana? Kampeni, kaulimbiu na siku za usafi zinaweza kusubiri.

Nani mwenye dhamana ya mwisho?

Baraza la chuo na uongozi wa juu. Sheria za mazingira katika nchi nyingi humtambua mwenye eneo au mwenye kibali, yaani chuo chenyewe kama taasisi, na tozo au mashtaka yakija hayamwendei mwanafunzi aliyemwaga kemikali. Chini ya uongozi huo, mpangilio unaoonekana katika vyuo vingi una ngazi tatu. Kuna kamati inayowakutanisha wakuu wa matengenezo, ugavi, fedha, maabara, mabweni na usalama, pamoja na wawakilishi wa wahadhiri na wanafunzi. Kuna ofisi ndogo ya wataalamu wanaofanya kazi za kila siku. Kisha kuna watu waliotajwa kwa majina au vyeo katika kila jengo.

Ngazi ya tatu ndiyo husahauliwa. Kamati nzuri yenye mihtasari mizuri haifungi valvu iliyokwama. Anayeifunga ni fundi aliyeambiwa kwamba valvu hiyo ni yake, akapewa ufunguo na namba ya kupiga usiku.

Ofisi ya mazingira inafaa kukaa wapi kwenye muundo wa chuo?

Hakuna jibu moja, na kila mahali pana faida na gharama yake. Ikikaa chini ya matengenezo, iko karibu na mita, mabomba na mafundi, lakini inakuwa vigumu kwake kukosoa maamuzi ya mkuu wake. Ikikaa pamoja na afya na usalama kazini, inashughulikia vizuri kemikali na sheria, lakini nishati na ununuzi huachwa pembeni. Ikiwa katika ofisi ya mkuu wa chuo, ina sauti, ila inaweza kugeuka kitengo cha matangazo kinachoandaa ripoti zenye picha za kuvutia.

Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada, kilipitisha sera ya maendeleo endelevu mwaka 1997 na kufungua ofisi ya kuisimamia mwaka uliofuata, kikiwa cha kwanza nchini humo kufanya hivyo. Tangu wakati huo ofisi za aina hiyo zimeenea sana. Popote itakapowekwa, mambo mawili hayaepukiki: mkuu wa ofisi awe na haki ya kusimamisha shughuli iliyo hatari papo hapo, na awe na nafasi ya kusema kabla michoro ya jengo haijaidhinishwa. Ofisi inayoalikwa kwenye uzinduzi wa jengo badala ya kikao cha michoro imeshachelewa.

Sera ya mazingira ya chuo inapaswa kuwa na nini?

Iwe fupi, itaje vyeo, na itaje tarehe. Vyuo vingi hutumia kama rejea Azimio la Talloires la mwaka 1990, lililotokana na mkutano wa wakuu wa vyuo vikuu katika mji wa Talloires, Ufaransa, ulioitishwa na Jean Mayer, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani. Azimio hilo lina hatua 10, na taasisi zaidi ya 500 zimelitia saini. Ni msingi mzuri wa dhamira. Hata hivyo, kutia saini ni kazi ya asubuhi moja, na wapo waliotia saini bila kubadilisha chochote kwenye utaratibu wao wa ununuzi.

Sera yenye nguvu hueleza mambo manne ambayo maazimio hayawezi kuyaeleza: nani anapima, anapima nini, matokeo yanapelekwa wapi, na nini kinatokea lengo lisipofikiwa. La nne likikosekana, mengine yatafanyika mwaka wa kwanza na kufifia kufikia wa tatu.

Je, ni lazima chuo kiwe na cheti cha ISO 14001?

Si lazima. Kiwango hicho cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na kufanyiwa mapitio makubwa mwaka 2015, kinahusu mfumo wa usimamizi: kupanga, kutekeleza, kukagua, kurekebisha. Hakisemi chuo kitumie umeme kiasi gani. Kupata cheti kunagharimu ukaguzi wa nje wa mara kwa mara, na baadhi ya vyuo hufuata mfumo wenyewe bila kulipia cheti. Jambo hilo linakubalika kabisa, mradi pawe na mkaguzi asiyetoka katika idara inayokaguliwa.

Chuo kinapimaje matumizi yake ya maji na umeme?

Kwa kufunga mita kwa kila jengo. Chuo chenye mita moja langoni kinajua kinacholipa, lakini hakijui kwa nini. Hakiwezi kulinganisha bweni na bweni, hakiwezi kugundua jengo lililoanza kuvujisha maji mwezi uliopita, na hakiwezi kumwonyesha mkuu wa kitivo gharama ya vitendo vya watu wake.

Kipimo rahisi kuliko vyote kinafanyika usiku. Chagua siku ya likizo, ambapo madarasa yamefungwa na bweni limebaki na watu wachache, kisha usome mita ya maji ya jengo saa nane usiku na uisome tena saa kumi. Kama hakuna tangi linalojazwa wakati huo, namba zinapaswa kuwa karibu sawa. Zikiwa zimesogea, maji yanakwenda mahali. Fundi huanza na vyoo, kwa sababu tangi la choo lenye kifuniko cha ndani kilichochakaa huvuja bila sauti na bila kulowesha sakafu. Hudondoshea rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi na kutazama baada ya dakika 10 au 15 kama bakuli limebadilika rangi. Vyoo vikiwa vizima, anafunga valvu za matawi ya bomba moja baada ya nyingine huku mwenzake akiitazama mita, mpaka mshale usimame. Tawi lililousimamisha ndilo lenye tatizo. Bomba linalodondosha tone moja kwa sekunde hupoteza takriban lita 11,000 kwa mwaka, na choo kinachovuja hupoteza zaidi ya hapo kwa muda mfupi zaidi.

Umeme una kipimo chake kinachofanana na hicho. Matumizi ya jengo kati ya saa nane na saa kumi usiku huonyesha mzigo usiolala: friza, seva, feni, taa za korido na viyoyozi vilivyosahaulika. Katika majengo ya maabara mzigo huo wa usiku hukaribia ule wa mchana, jambo linaloshangaza wengi wanapoona grafu kwa mara ya kwanza.

Na gesijoto zinahesabiwaje?

Vyuo vingi hufuata itifaki ya gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, inayogawa uzalishaji wake katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kinachochomwa au kuvuja katika vitu vya chuo chenyewe, kama vile boila, jenereta, magari na gesi za viyoyozi. La pili ni umeme na joto linalonunuliwa. La tatu ni mengine yote yanayotokana na shughuli za chuo: safari za ndege, watu wanavyosafiri kuja kampasi, bidhaa zinazonunuliwa, taka zinazopelekwa dampo.

Fungu la tatu ni gumu kupimika na mara nyingi ni kubwa, kwa hiyo ni jaribu la kudumu kulitaja kwa aya moja na kuliacha. Ni afadhali kuandika makadirio na kueleza yalivyopatikana kuliko kutangaza kwamba chuo kimefikia uzalishaji wa sifuri huku safari za ndege za wahadhiri zikiwa hazimo kwenye hesabu. Vilevile mwaka wa msingi, yaani ule ambao miaka mingine italinganishwa nao, uchaguliwe kwa uaminifu. Mwaka 2020, kwa mfano, kampasi nyingi zilikuwa tupu kwa sababu ya janga la korona. Chuo kinachoutumia kama msingi kitaonekana kinaharibu kila mwaka, na kinachoanzia mwaka wa matumizi ya kupindukia kitaonekana shujaa bila kazi.

Gesi za viyoyozi zinastahili kutajwa peke yake kwa sababu hazionekani kwenye bili yoyote ya nishati. Kilo moja ya gesi aina ya R-410A ikivuja huongeza joto kiasi kinachokaribia kilo 2,000 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, yamekusudia kupunguza gesi za kundi hilo. Kumbukumbu ya kilo ngapi fundi ameongeza kwenye kila mashine ndiyo njia ya kujua kilo ngapi zimevuja, na kumbukumbu hiyo ni daftari tu. Kinachokosekana ni mtu wa kulidai kila mwezi.

Orodha za kimataifa za vyuo vinavyojali mazingira zinaaminika?

Zinasaidia kwa kiasi. UI GreenMetric ilianzishwa na Universitas Indonesia mwaka 2010 na hushirikisha vyuo vya nchi nyingi. STARS, inayosimamiwa na AASHE, chama cha Marekani cha kuendeleza uendelevu katika elimu ya juu, hutoa daraja za shaba, fedha, dhahabu na platinamu badala ya kupanga vyuo kwa namba. Zote hutegemea sana takwimu ambazo chuo chenyewe huwasilisha, na mgawanyo wa alama hauwezi kumfaa kila mtu: katika mgawanyo ambao GreenMetric iliutumia kwa miaka mingi, maji yalibeba asilimia 10 ya alama na nishati pamoja na tabianchi asilimia 21. Chuo kilicho mahali pakavu kinaweza kupanda kwenye orodha hiyo huku kisima chake kikikauka. Faida kubwa ya kushiriki ni kwamba dodoso hulazimisha idara kutoa takwimu ambazo zisingetolewa kwa hiari.

Taka za maabara zinashughulikiwaje?

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa watu na kwa chuo, na ndipo ambapo uzembe mdogo hauna msamaha.

Utaratibu huanza kwenye meza ya mwanafunzi. Chupa ya taka inaandikwa lebo kabla tone la kwanza halijaingia, wala hakuna kungoja ijae. Lebo hutaja majina kamili ya kemikali, kwani vifupisho anavijua aliyeviandika peke yake, hutaja aina ya hatari, na hutaja tarehe ya kuanza kujazwa pamoja na jina la maabara. Kifuniko hukazwa muda wote isipokuwa wakati wa kumimina. Kuiacha chupa wazi ili kiyeyusho kikauke chenyewe ni kutupa taka hewani, na katika nchi nyingi ni kosa kisheria. Chupa hukaa ndani ya beseni la kuzuia mwagiko, karibu na mahali inapozalishwa. Inapofikia takriban asilimia 90 haiongezwi tena, kwa kuwa vimiminika hutanuka kwenye joto. Kisha ofisi ya mazingira huichukua kwa hati ya makabidhiano, huihifadhi kwenye stoo ya muda, na huikabidhi kwa mkandarasi mwenye leseni. Nakala ya mwisho ya hati, iliyosainiwa mahali taka zilikoteketezwa au kutibiwa, inapaswa kurudi chuoni. Isiporudi, chuo hakijui taka zake ziko wapi, na dhamana bado ni yake.

Kutenganisha ndicho kiini cha kazi hiyo. Asidi ya nitriki ikimiminwa kwenye chupa yenye mabaki ya ethanoli au asetoni inaweza kutoa gesi na joto mpaka chupa ipasuke, wakati mwingine saa kadhaa baada ya watu kuondoka. Asidi ikikutana na dawa ya kufanyia nguo weupe hutoa gesi ya klorini. Kemikali nyingine huwa hatari kwa kuzeeka tu: diethili etha iliyofunguliwa na kuachwa kwa muda mrefu huunda peroksaidi zinazoweza kulipuka chupa ikisogezwa au kifuniko kikizungushwa, na asidi ya pikriki iliyokauka ni kilipuzi. Kwa sababu hiyo tarehe ya kufunguliwa huandikwa kwenye chupa, na anayekuta chupa ya namna hiyo nyuma ya kabati, ikiwa na fuwele kuzunguka kifuniko, haruhusiwi kuigusa. Anafunga mlango na kupiga simu.

Nikimwaga kidogo kwenye sinki na kufuatisha maji mengi, kuna ubaya gani?

Kuongeza maji hakuondoi sumu, huisafirisha tu. Kuna ubaya mwingine usiofahamika sana: azidi ya sodiamu, inayotumika kwa kiasi kidogo kuzuia vijidudu katika miyeyusho ya maabara, inaweza kuungana na shaba au risasi iliyo kwenye mabomba na kuacha chumvi zinazolipuka. Fundi anayekuja kulikata bomba hilo miaka kadhaa baadaye hana habari yoyote.

Maabara zinawezaje kupunguza umeme bila kuharibu utafiti?

Kabati la kufyonza mvuke hutoa nje hewa ya chumba mfululizo, na hewa hiyo tayari imegharamiwa kupozwa au kupashwa joto. Katika mifumo inayorekebisha kasi yake yenyewe, kushusha kioo cha kabati baada ya kazi kunapunguza kiasi cha hewa kinachotoka, na pia kunamkinga aliyesimama mbele yake. Ni jambo la sekunde mbili ambalo halihitaji bajeti.

Friza za joto la chini sana ni mjadala mrefu zaidi. Nyingi huwekwa nyuzi 80 za selisiasi chini ya sifuri kwa mazoea, ingawa kwa sampuli nyingi nyuzi 70 chini ya sifuri zinatosha, na mabadiliko hayo hupunguza umeme wa friza kwa takriban asilimia 30. Watafiti wana haki ya kuhofia sampuli za miaka mingi, na ofisi ya mazingira haina sifa za kuwaamulia. Njia iliyo bora ni kuanza na waliojitolea, kukubaliana kuhusu aina za sampuli, na kuandika orodha ya kilichomo ndani ya kila friza. Orodha hiyo pekee mara nyingi huibua visanduku vya watu waliokwishahitimu na kuondoka, na friza moja kati ya kadhaa inaweza kuzimwa kabisa.

Kwa nini mapipa ya kutenganisha taka hushindwa mara nyingi?

Kwa sababu yanawekwa kabla ya kuwa na mahali pa kuzipeleka. Ikiwa gari linalokuja jioni huchanganya yote, wanafunzi wataliona ndani ya wiki moja, na imani ikishapotea hairudi kwa bango. Kwanza apatikane mnunuzi wa karatasi na chupa na mahali pa kutengenezea mboji, kisha wafanyakazi wa usafi wapewe mifuko tofauti, vifaa vya kujikinga na muda wa kutosha kwenye mkataba wao. Mapipa huja mwisho. Pipa la mabaki ya chakula likae jikoni, mahali yanapozalishwa kwa wingi na watu wachache wanaoweza kufunzwa. Na ni vyema kila pipa la vitu vinavyorejelezwa liwe bega kwa bega na la taka za kawaida, kwani pipa linalosimama peke yake hugeuka jalala.

Vifaa vya elektroniki, betri, taa za fluoresenti zenye zebaki, katriji za wino na mafuta machafu ya magari vina njia zake na havipaswi kuingia humo.

Idara ya ugavi inahusikaje?

Kuliko inavyodhaniwa. Taka nyingi huamuliwa siku ya zabuni. Masharti yanayofaa kuandikwa ni ya kawaida tu: gharama ya kifaa ihesabiwe kwa umri wake wote pamoja na umeme na matengenezo, muuzaji achukue vifungashio vyake, kemikali zinunuliwe kwa kiasi kitakachotumika. Chupa kubwa ya kemikali kwa bei ya jumla huonekana nafuu hadi pale nusu yake itakapolipiwa kama taka hatarishi, na gharama ya kuiteketeza inaweza kuzidi ile ya kuinunua. Rejesta ya kemikali ya chuo kizima, inayomwezesha mtafiti kuona kwamba jirani yake wa ghorofa ya pili tayari anayo, huokoa fedha haraka.

Wakandarasi wa ujenzi, kantini na maduka yaliyomo kampasini wanabanwa na taratibu hizi?

Wanabanwa na mkataba, kwa hiyo taratibu hizo ziandikwe mkatabani. Baada ya kusainiwa, kilichobaki ni kuwaomba.

Na bustani, miti na maji ya mvua?

Miti ya asili inayostahimili hali ya hewa ya mahali husika ni ya kupendelewa kuliko nyasi zinazohitaji kumwagiliwa kila jioni. Viuatilifu vitumike na mtu aliyefunzwa, kwa kumbukumbu ya siku, mahali na kiasi, na baada ya njia nyingine kushindikana. Upandaji wenyewe ni sehemu rahisi. Miche mingi hufa katika kiangazi cha kwanza kwa kuwa bajeti ilihesabu siku ya kupanda bila kuhesabu miaka miwili ya kumwagilia.

Kuhusu mvua, jambo moja lisisahauliwe: katika kampasi nyingi mifereji ya barabarani haifiki kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, bali huishia mtoni. Rangi inayooshwa kwenye brashi, mafuta ya gereji na sabuni ya kuoshea magari hufika huko moja kwa moja. Mafundi rangi waonyeshwe sinki la kuoshea vifaa vyao, na kila mfereji uwe na alama.

Wanafunzi wana nafasi gani zaidi ya kujitolea siku za usafi?

Wana nafasi kwenye kamati, yenye haki ya kupiga kura. Wana nafasi ya kazi za muda zenye malipo katika ofisi ya mazingira, kusoma mita, kukagua mapipa na kuandaa takwimu. Na wana uwezo halisi wa kubadilisha matumizi ya mabweni pale wanapopewa taarifa. Mwaka 2005 Chuo cha Oberlin, nchini Marekani, kiliendesha mashindano ya wiki 2 kati ya mabweni, ambapo wakazi waliweza kuona matumizi yao. Umeme ulipungua kwa asilimia 32. Mashindano huisha, kwa hiyo chuo kinachotaka matokeo ya kudumu huweka vipimo hivyo wazi mwaka mzima na kutumia kipindi cha mashindano kugundua ni vitu gani vingeweza kuzimwa moja kwa moja na fundi.

Wahadhiri nao wanaweza kuigeuza kampasi kuwa uwanja wa mafunzo. Mwanafunzi wa uhandisi anayekagua mfumo wa kupoza hewa wa maktaba anapata alama, na chuo kinapata ripoti. Sharti ni moja: idara ya matengenezo iahidi mapema kuisoma na kuijibu, la sivyo kila mwaka kundi jipya litagundua dosari zilezile.

Fedha zinatoka wapi?

Kuna miradi inayojilipa, na kuna isiyojilipa kamwe. Kwa ile ya kwanza, kama taa za LED, kuziba uvujaji au paneli za jua, vyuo kadhaa hutumia mfuko wa mzunguko: idara hukopa, hufanya mabadiliko, na hurejesha kutokana na fedha iliyookolewa kwenye bili, kisha mkopo huohuo humwendea mwingine. Harvard ni kati ya vyuo vilivyotangulia katika njia hiyo. Mfuko huo hufa pale ambapo idara ya fedha, ikiona bili imeshuka, inapunguza bajeti ya idara iliyookoa. Kwa hiyo makubaliano ya nani anabaki na akiba hufungwa kwa maandishi kabla ya kazi kuanza.

Kwa miradi isiyojilipa, kama stoo salama ya kemikali au ukarabati wa mabomba ya majitaka, kusiwe na kisingizio cha kutafuta faida. Ni gharama ya kuendesha chuo, sawa na bima na ulinzi.

Chuo kidogo kisicho na ofisi wala wataalamu kianzie wapi?

Kianze na bili za maji, umeme na mafuta za miaka mitatu iliyopita, zipangwe kwa miezi kwenye jedwali moja. Kisha mtu mwenye ujuzi wa kemia apite maabara zote na stoo zote akiandika kila chupa, bila kuhamisha chochote anachokitilia shaka. Tatu, mafundi wa zamani wakae na mchoraji na kuchora mabomba, valvu na mashimo ya majitaka wanayoyajua, kabla hawajastaafu. Nne, mkuu wa chuo asaini waraka wa ukurasa mmoja unaomtaja mratibu, hata awe ni mhadhiri aliyepunguziwa vipindi, na unaotaja mwenye dhamana wa kila jengo.

Kazi hizo nne zinaweza kukamilika ndani ya muhula mmoja na hazihitaji mfadhili. Ramani ya mabomba itunzwe nakala mbili, moja ofisini na nyingine kwenye chumba cha mlinzi wa usiku, ikiwa na namba ya simu ya fundi wa zamu.